Mkono Uliochoka

Jumamosi ile Nusura alifungua duka akiwa amechoka kabla siku haijaanza. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa usingizi kuliko watu wengine wa Kampala, ambao mwaka ule wa 1974, chini ya utawala wa jeshi, walikuwa wamezoea kulala jicho moja likiwa wazi. Ulikuwa uchovu wa mwanamke aliyengoja kitu mpaka akasahau namna ya kukingoja. Saa tisa alasiri, watu wa Jafar wangefika nyumbani kwao Kibuli kupokea jibu la posa, na jibu lilikuwa limekwisha patikana. Alilitoa juzi jikoni, akichambua mchele, bila kuinua uso. Ndiyo. Baba yake alisema alhamdulillahi, akatoka nje kwenda kutawadha.

Ugumu ni kwamba Jafar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale soko la Owino, mtu wa sauti ya chini, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Alijua sukari inakopatikana wakati mji mzima unakunywa chai kavu. Nusura alimkubali kama mtu anavyokubali kiti baada ya kusimama foleni tangu asubuhi. Haulizi kiti ni cha nani. Anakaa.

Duka lenyewe lilikuwa la silaha za kuwindia na za michezo, katika kichochoro nyuma ya Kampala Road. Zamani lilijaa bunduki mpaka dirishani. Sasa tajiri wake mpya, aliyegawiwa duka Wahindi walipofukuzwa, alikuja mara moja kwa mwezi kuhakikisha kwamba bado lipo, kisha akaenda zake. Kazi yote iliachwa kwa Mzee Uthman, fundi bunduki kwa miaka thelathini, na kwa binti yake Nusura, aliyeshika funguo na wateja. Mzigo mpya haukuja tena. Bastola za kupigia shabaha zilikuwa zimebaki tatu tu.

Saa tano hivi, kivuli kikaanguka juu ya kaunta. Nusura alijua ni nani kabla ya kutazama, na alijichukia kwa kujua.

"Habali ya asubuhi, dada Nusula."

Miezi mitatu, halafu anamwita dada.

"Nzuri, Sajini. Karibu."

Sajini Wanyama alivua kofia yake ya polisi, akaishika kifuani kama mtu aliyekuja msibani. Alikuwa amekonda. Asili yake ilikuwa mashariki, lakini alilelewa na mjomba wake katika mtaa wa Bwaise, na Bwaise ilimfundisha Kiganda kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote. R na L kwake walikuwa mapacha, aliita yeyote aliyekuwa karibu. Zamani Nusura alimtania kwa hilo. Sema ruhusa, angemwambia. Luhusa, angejibu Wanyama, na wangecheka wote wawili mpaka Mzee Uthman akohoe kule karakana, nyuma ya pazia.

Hiyo ilikuwa zamani, wakati Wanyama alikuwa haishi kuleta bunduki za polisi zisizo na ugonjwa wowote, ili zitengenezwe. Mwezi wa nne alimwambia Nusura, "Ijumaa nitamwona mzee." Ijumaa ile Nusura alitumwa soko la Kalerwe kununua ndizi. Aliporudi na kikapu kichwani, moyo ukimpiga, alimkuta baba yake anapaka mtutu mafuta.

"Yule polisi wako alikuja," mzee alisema. "Ameuliza mahali pa kupigia shabaha. Nimemweleza."

Basi. Aliyeahidi kuja kumwomba yeye alikuja kuulizia shabaha, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Nusura hakumwuliza baba yake zaidi. Utamwulizaje mzazi kwa nini mwanamume hakukuomba?

Wanyama sasa aliweka karatasi ya kibali juu ya kaunta. "Nataka bastola ya shabaha. Wamenihamisha Moloto. Jumatatu naondoka. Lakini jina yangu bado iko kwa timu ya polisi, na wakubwa wamesema kira mtu achague bastola yake, afanye mazoezi huko atakuwa."

Moroto, mbali kaskazini-mashariki. Nusura alisoma kibali mara mbili, ili apate pa kuweka macho. Kisha akatandika kitambaa cha kijani, akaziweka bastola zote tatu juu yake. Alifanya hivyo kwa heshima na polepole, kama alivyofundishwa.

Wanyama akaigusa ya kwanza, rivolva fupi nyeusi.

"Hiyo ni ya kutishia watu," Nusura alisema. "Ukipiga, mkono unaruka juu. Risasi ya pili hujui imekwenda wapi."

"Na hii?" Ilikuwa ndogo, inang'aa, mpini wake mweupe.

"Hiyo ni ya kuonyesha wageni."

"Kwa hiyo imebaki hii mzee." Aliinua ya tatu, yenye mtutu mrefu na mpini wa mti uliolika kwa mikono ya watu. Ilikula risasi moja tu kwa wakati, ndogo kama punje ya haragwe. "Iko nzito mbele."

"Uzito wa mbele unatuliza mtutu. Elekea ukutani pale, kwenye kalenda. Haina kitu ndani, nimeikagua. Fumba macho. Inua mkono. Sasa fumbua. Inatazama wapi?"

"Tarehe kumi na mbiri."

"Ulitaka itazame wapi?"

"Tarehe kumi na mbiri."

Ilimpasa Nusura arekebishe kidole gumba cha Wanyama. Alikigusa kwa ncha za vidole viwili, akavirudisha upesi.

"Usishushe mkono," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke. Baba husema mkono mpya hudanganya. Bastola zote ni nzuri dakika ya kwanza. Shika mpaka mkono uchoke, ndipo utajua kama ni yako."

Wanyama akashika. Nje, mtu wa Kongo aliyeshona viatu barazani alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, akiacha maneno asiyoyakumbuka. Dakika ikapita. Nyingine ikapita. Mtutu ukaanza kutikisika kidogo.

"Hongela," Wanyama alisema, akiitazama kalenda.

"Hongera ya nini?"

"Ya ndoa."

Nusura akahisi uso ukimwaka moto. Kampala haifichi kitu. "Umesikia wapi?"

"Kwa mzee mwenyewe."

"Lini?"

"Hiyo Ijumaa. Mwezi wa nne."

Nusura akamtazama. "Mwezi wa nne? Wanyama, Jafar ameleta posa mwezi huu."

"Jafal ni nani?"

"Jafar wa vitambaa, wa Owino."

"Na kapteni?"

"Kapteni gani?"

Mkono wa Wanyama ulikuwa ukitetemeka waziwazi sasa, lakini hakuushusha, kwa sababu hakuwa ameambiwa ashushe. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia simama, atasimama mpaka miguu ioze.

"Kapteni ambaye alitoa mahali yako," alisema.

Nusura aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. Alitaka kusikia vizuri. "Nieleze siku hiyo. Neno kwa neno. Ulimwambia nini baba?"

"Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bwaise, maskini bambi. Lakini nilipofika akaniuliza habali ya mashindano, tukaongea shabaha. Nikaona nitachelewa. Nikasema tu, mzee, nimekuja kuuliza mahali."

"Ukasema mahali."

"Eh. Mahali. Ng'ombe, pesa, ile watu wanatoa kwa bibi halusi."

"Naye akajibuje?"

"Akasema, umechelewa, afande. Iko kapteni moja amechukua tangu mwezi jana. Kule Kibuli usitafute tena, jalibu upande wa kwenu." Bado aliikazia macho kalenda. "Akaniambia hata pole. Alinipa chai."

Nusura alikijua kisa hicho. Nyuma ya mlima wa Kibuli palikuwa na shimo la mawe ambapo baba yake, kwa miaka mingi, alijaribia bunduki alizozitengeneza. Mwaka ule kapteni mmoja wa jeshi alilizungushia uzio, akaweka mlinzi. Mzee Uthman alinung'unika kwa wiki nzima.

"Baba alisema ameichukua," aliuliza polepole, "au alisema amepachukua?"

"Iko tofauti?"

"Wanyama."

"Nusula, mimi hizo pa zenu sijui. Kwangu kira kitu iko tu."

"Shusha bastola," Nusura alisema.

Akaishusha. Mkono ukabaki umening'inia kando yake, hauna nguvu. Nusura alitaka kucheka, lakini akaanza kuhesabu. Miezi mitatu. Machozi yote yale ya kwenye mto, na ile ndiyo ya jikoni, kwa sababu ya herufi moja iliyokaa mahali pa mwenzake.

"Aliulizwa mahari akasikia mahali," alisema. "Amekujibu habari za shimo la mawe. Hakuna kapteni aliyeniposa mimi. Hajawahi kuwepo."

Wanyama alikaa juu ya sanduku la risasi bila kukaribishwa. Uso wake ulifunguka, na furaha ilianza kuingia taratibu. Hapo ndipo hasira ya Nusura ilipoamka.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nini?"

"Baba alikosea kusikia. Wewe ulikosea kusema. Lakini mimi nilikuwa hapa kila siku, toka saa mbili mpaka saa kumi na moja. Kwa nini hukuja ukaniambia, Nusura, umenifanya nini?"

Aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Kapteni, Nusula," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mtu atauliza kapteni? Mimi naona kira siku watu ambao waliuliza. Nilipita hapa. Kira Jumamosi nilipita, upande ule wa balabala. Nilikuona unafuta dilisha. Nikasema, iko mzima, anakula. Nikaenda."

"Ulinipita."

"Eh."

"Uliniacha kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo."

Nusura alilia basi, wima, mikono juu ya kaunta, kwa kuwa hakuona sababu ya kujificha. Hakuwa na hakika analia kwa kuachwa au kwa kupatikana. Alimpenda. Alimpenda na alimwona mwoga, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kufukuzana, jambo ambalo hakuwa amelijua juu ya mapenzi mpaka dakika ile.

Pazia la karakana likasogea. Mzee Uthman alitoka akifuta mikono kwa tambara, miwani imeteremka puani. Alikuwa mwembamba, msafi, mjukuu wa watu waliokuja kutoka pwani na misafara, na Kiswahili kwake kilikuwa kama udhu: ukikosea unaanza upya.

"Nimesikia," alisema. "Mimi nilijibu nilichoulizwa."

"Ndiyo, mzee," Wanyama alisema, akasimama.

"Na ningesikia sawasawa, ningekataa vilevile. Usije ukailaumu r peke yake. Wewe ni askari, leo hapa, kesho Moroto, keshokutwa tunaletewa kofia yako. Na dini yako si yetu."

"Hiyo ya dini nilikuwa na jibu yake, mzee. Wewe ukanijibu kapteni."

"Jibu gani?"

"Nilienda kwa shehe wa Wandegeya mala nne, kabla sijakuja kwako. Na baada ya kapteni sikuacha. Fatiha nafika mwisho. Ila shehe anasema hizo l zangu zitanichelewesha."

Mzee Uthman aliivua miwani, akaifuta kwa lile tambara la mafuta, ikachafuka zaidi. Alichukua muda kuivaa tena.

"Jafar ana neno letu," alisema, akimgeukia binti yake.

"Neno ni langu, baba. Nililitoa nikiwa nimechoka."

"Na sasa hujachoka?"

"Nimechoka zaidi ya juzi. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkono mpya hudanganya. Huyu nimemshika miezi mitatu kwa hasira. Kila usiku najiambia mwache, na kila asubuhi namkuta bado ninaye. Jafar sijamshika hata dakika moja. Nimemkalia tu."

Mzee akainama, akaanza kupanga bastola juu ya kitambaa, ingawa zilikuwa zimepangika. Hakupenda kuonwa macho yake. Wanyama alipiga hatua kuelekea kwake.

"Mzee, naomba sasa niulize tena ile—"

"Usimwulize yeye," Nusura alimkatiza. "Niulize mimi kwanza. Na tafuta neno lisilo na r wala l, maana sina nguvu ya miezi mitatu mingine."

Wanyama akafikiri. Alifikiri kweli, midomo ikicheza, akipima kila neno na kuliweka kando.

"Unanitaka?" alisema.

"Nakutaka."

Kule barazani fundi viatu alikuwa amenyamaza, hapana shaka akisikiliza. Mzee Uthman alikohoa.

"Ngoja nikufundishe kitu, kijana," alisema. "Hata ungekuwa na ulimi wa kasuku, mahari haiulizwi na mwenyewe. Ungekuja na mtu mzima nyuma yako, ningejua umefuata nini kabla hujafumbua mdomo. Nani aliyekutuma peke yako, kama mtu anayekwenda kununua chumvi?"

"Niliona haya kumwambia mjomba."

"Bora aibu ya mjomba. Nenda kamlete. Sijasema nimekubali. Nimesema nenda."

Wanyama alitoka bila kofia, akarudi kuichukua, akatoka tena. Walisikia mnyororo wa baiskeli ukilia mpaka mwisho wa kichochoro. Ile bastola ya mtutu mrefu ilibaki juu ya kitambaa pamoja na kibali chake. Nusura alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Saa nane ikafika, hakuna baiskeli. Aliyefika ni Jafar, na gari lake la mizigo, kuwachukua awapeleke Kibuli ili mzee asihangaike na usafiri. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Chini ya kwapa alibeba kifurushi cha sabuni na sukari, kwa kuwa alijua nyumba yao haina.

Mzee Uthman alitaka kusema. Nusura akamzuia kwa mkono, akatoka nyuma ya kaunta.

"Kaka Jafar, nilikupa neno ambalo si la kweli. Nalirudisha."

Jafar hakuinua sauti. "Kuna mtu?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Bwaise kumleta mjomba wake."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

Jafar akatazama saa ya ukutani, na Nusura naye akaitazama, na wote wawili wakafanya hesabu ileile. Bwaise si mbali hivyo.

"Na asiporudi?" Jafar aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Ingekuwa rahisi kama angekejeli.

"Asiporudi, nitakaa bila mume. Lakini siwezi kuolewa nawe kwa sababu tu nimechoka. Umeshazika mke mmoja uliyependana naye. Hustahili kuletewa mtu anayelala usingizi wa kukata tamaa."

Jafar aliweka kifurushi juu ya kaunta, karibu na bastola. "Ungeniambia jana," alisema, "dada zangu wasingepika." Kisha akamuaga mzee, akaenda kuligeuza gari. Sabuni na sukari hakurudi kuvichukua, na Nusura aliona aibu iliyomfika mifupani.

Mzee Uthman alishusha mlango wa bati mpaka kiunoni, kama desturi ya Jumamosi, akaja kukaa karibu na binti yake juu ya sanduku. Hakuwa na mazoea ya kukaa hivyo.

"Akija peke yake, je?" aliuliza.

"Basi alikuwa anauliza mahali tu," Nusura alisema, na akajilazimisha kutabasamu. Tabasamu halikufika popote.

Saa tisa ikapita. Wangekuwa Kibuli sasa, wageni wamekaa, birika linapita. Alijiambia kwamba mtu aliyempita mara kumi na mbili kando ya barabara anaweza kumpita mara ya kumi na tatu. Alijiambia vilevile kwamba jibu alilompa Jafar lilikuwa lake, na halikuhitaji mtu wa kulithibitisha. La pili lilikuwa kweli. Halikupunguza kitu.

Saa tisa na nusu, mnyororo wa baiskeli ulisikika kichochoroni, taratibu, kama baiskeli inayokokotwa. Ukanyamaza mlangoni. Nusura hakuinuka. Kutoka pale alipokaa aliona yaliyokuwa chini ya bati tu: gurudumu la mbele limepasuka na kukunjamana, na buti za polisi zenye matope ya Bwaise hadi kwenye kamba. Buti zilisimama peke yake.

Akahesabu pumzi zake. Moja. Mbili. Baba yake akamshika mkono.

Ndipo fimbo ikagonga lami, na nyuma yake, polepole kwa uchovu wa njia, zikaingia ndala mbili za mzee mwingine.